Kimea ni Kimea

Mpare akikosa kitu hanunui, hutafuta kinachofanana nacho. Nasema hivi kwa kibali cha utani: mimi ni Mchaga wa Kibosho, na Wapare wamekwisha kunisema vya kutosha kuhusu Wachaga na pesa. Mume wangu, Baba Neema, ni Mpare wa Mwanga. Makazi yetu ni Minnesota, Marekani, ambako baridi hupiga hodi Novemba na kuaga Aprili, na katikati hapo mwanamume asiye na mpira wa kuangalia huteremka kwenye chumba cha chini ya nyumba akaanza kupika bia.

Kupika kwenyewe sina neno nako. Mama yangu ni mpika mbege, na ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye pipa lake. Neno langu liko kwenye kubadilisha. Kitabu cha mapishi kikisema weka hiki, Baba Neema husoma, hutikisa kichwa kwa heshima, kisha huweka kile. Ukimuuliza, ana jibu moja analolitoa kwa utulivu wa mchungaji: "Mama Neema, kimea ni kimea."

Si kweli, na mashahidi ninao: sufuria, dari la jikoni, na nusu ya Watanzania wa jiji hili.

Kwa ambaye hajawahi kuingia kwenye shughuli hii, wapika bia wengi wa majumbani huku hawaanzi na nafaka. Viwanda huwafanyia sehemu ngumu. Huotesha shayiri, huikausha, huisaga, huiloweka kwenye maji ya moto hadi wanga ugeuke sukari, kisha maji yale matamu huvukizwa. Kiwanda kikisimama mapema hupata rojo zito. Kikiendelea hadi mwisho hupata unga mkavu. Mpishi wa nyumbani ananunua kopo au mfuko, anakoroga kwenye maji yanayochemka, anatia hopsi za kuleta uchungu, anapoza, anatia hamira, anafunika ndoo. Kazi inayomla mama yangu siku nyingi, watu hawa wanaimaliza kati ya chakula cha mchana na taarifa ya habari. Makopo hayo hutoka Chilton, Wisconsin, kwa kina Briess. Hutoka Stowmarket, Uingereza, kwa kina Muntons. Na kusini-magharibi mwa Minneapolis, katika mji wa Shakopee, kampuni ya Rahr ina kiwanda cha kimea ambacho ni miongoni mwa vikubwa kabisa duniani. Ndiyo kusema tunaishi kwenye chemchemi ya kimea, na bado mume wangu anatafuta mbadala.

Sheria nayo iko upande wake, walau katika kupika. Wamarekani walipopiga marufuku pombe mwaka 1920, makopo ya rojo la kimea yaliendelea kuuzwa madukani kwa maelezo kwamba ni ya kuokea mikate, na nchi ikaoka mikate mingi iliyohitaji kufunguliwa kizibo. Marufuku ilipoondolewa mwaka 1933, divai ya nyumbani iliruhusiwa, bia ya nyumbani ikaachwa nje. Wapishi wakangoja hadi Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria iliyowafungulia mlango. Mtu mzima anayeishi peke yake anaruhusiwa galoni 100 kwa mwaka bila kodi. Nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi inaruhusiwa galoni 200. Baba Neema alipoyasoma hayo alikuja kunitazama kwa jicho ambalo sikuwa nimeliona tangu uchumba. Kisheria, mimi ni galoni 100. Lita 378. Sijawahi kupewa thamani iliyo wazi namna hiyo, hata kwenye kikao cha mahari.

Tuanze na uzito, maana ndipo yeye alipoanzia. Katika kila kopo la rojo, sehemu moja kati ya tano ni maji. Unga hauna maji ya kuhesabika. Kwa hiyo kilo moja ya rojo hulingana na gramu 800 za unga, na kilo moja ya unga hulingana na kilo moja na robo ya rojo. Ni hesabu ya shule ya msingi. Lakini siku aliyoanza kubadilisha, duka lilikuwa na unga kwa bei ya punguzo, mapishi yalitaka kilo tatu za rojo, na Baba Neema akamimina kilo tatu za unga, kwa sababu kilo ni kilo.

Kuna kijiti cha kioo kinachoelea, haidrometa, kinachopima sukari iliyomo ndani ya maji. Maji matupu husoma 1.000. Kitabu kilisema tutegemee 1.048 hivi, kijiti chetu kilisimama kwenye 1.058. Akaniita nije kushuhudia ziada aliyoipata bila kuongeza senti. Mimi binti wa pipa nilijua ziada ile haitabaki kwenye kijiti. Bia iliyopaswa kuwa na kilevi kisichofika asilimia 5 ilikuwa inaelekea 6, na ilibaki na ulaini wake uleule, wa kunywewa na mtu mwenye kiu asiyeuliza maswali.

Walioinywa ni wajumbe wa chama chetu cha Watanzania, waliokuja sebuleni kwetu kujadili katiba. Rasimu ya katiba ile imedumu kuliko ndoa za baadhi ya wajumbe. Kila kikao huvunjikia kwenye ibara ya rambirambi: mwanachama akifiwa na mzazi tunachanga, sawa, lakini je, baba mdogo ni mzazi? Mjomba aliyekusomesha? Shangazi ambaye hukuwahi kumwona? Watu wameacha kusalimiana kwa ajili ya shangazi huyo. Jioni ile ibara ilipita kabla sambusa hazijapoa. Baba mdogo akaingia, mjomba akaingia, shangazi akaingia, na mjumbe mmoja alipopendekeza jirani wa utotoni naye aingie, akaungwa mkono kwa makofi. Mwenyekiti na katibu, waliokuwa hawatazamani tangu sherehe ya Muungano, walikumbatiana hadi miwani ya katibu ikadondoka. Kufikia saa nne usiku chama kilikuwa na katiba, na Baba Neema alikuwa mweka hazina.

Asubuhi simu zikaanza. Watu waliomba nakala, wajue wamepitisha nini. Walikuwa wamekwisha kuchelewa, maana ibara ya mwisho, waliyoipitisha wakiwa wamesimama, inasema kubadili chochote kunahitaji theluthi mbili ya wanachama, na theluthi mbili haijapata kukusanyika tena.

Mara iliyofuata aligeuza upande: mapishi ya unga, akatia rojo kwa uzito uleule. Bia ikatoka nyepesi mno. Jirani yetu, mzee mwenye asili ya Norwei ambaye hajapata kusema neno baya juu ya kiumbe chochote, alikunywa glasi nzima akasema ni tofauti. Mwenyeji wa Minnesota akikuambia chakula chako ni tofauti, kifukie.

Unga wa kimea una tabia nyingine: unapenda maji kupita kiasi. Ukiusogeza juu ya mvuke, unavuta unyevu na kuwa jiwe ukiwa bado kwenye kijiko. Baba Neema hutumia mdomo wa mfuko. Mdomo ukaziba, akautikisa, likatoka bonge, bonge likatumbukia kwenye maji yanayotokota, na povu likapanda ukutani mwa sufuria, likavuka ukingo, likamwagikia jiko la umeme. King'ora cha moshi kikalia. Neema alitoka nje na koti lake akasimama barazani, maana shuleni wanafundishwa, akatungoja huko na paka wa jirani. Rojo lina ubaya wake tofauti. Ni zito, huzama hadi chini, hutulia kwenye chuma cha moto na kuungua kabla hujashika mwiko. Dawa ya yote mawili ni moja: epua sufuria, tia kimea, koroga hadi kiyeyuke chote, ndipo urudishe motoni. Baba Neema hairuki hatua hiyo kwa kutoijua. Anaamini kuzima jiko na kuliwasha tena kunakula umeme.

Na sufuria iliyoungua haikuwa yake. Ilikuwa sufuria yangu ya pilau, niliyoibeba kwa ndege kutoka Moshi nikiwa nimeijaza nguo ili nafasi isipotee. Duara jeusi chini yake limekataa chumvi, limekataa ndimu, limekataa chuma cha kusugulia. Sasa pilau yangu ina utamu fulani wa kuungua ambao wageni huuliza siri yake. Nawaambia ni mdalasini.

Kisha likaja sanduku la makopo yaliyokaribia kuisha muda, aliyoyapata kwa nusu ya bei. Rojo la kimea halichachi likiwa limefungwa, lakini linazeeka: rangi hukolea hata kama hakuna aliyeligusa, na ladha yake hupoteza usafi. Bia iliyotajwa kitabuni kuwa ya dhahabu ikatoka na rangi ya chai kavu. Nilimwekea glasi mezani na kitabu kando yake, ukurasa wenye picha. Aliisogeza glasi kwenye taa, akaisogeza dirishani, akasema picha za vitabu huwa zimepaushwa na mchapishaji. Mpare hashindwi kesi kwa sababu ya ushahidi.

Cheusi badala ya cheupe nacho alikijaribu. Kimea cheusi cha dukani tayari kina nafaka zilizokaangwa ndani yake, na mapishi yake yalikuwa na nafaka zilizokaangwa za kuloweka pembeni, kwa hiyo vikakutana viwili vya aina moja na hamira ikaacha sukari nyingi bila kuimaliza. Tuliinywa na mkate.

Tena yapo makopo ambayo hopsi zimekwisha kutiwa kiwandani, kwa ajili ya mtu asiyetaka kazi. Hayatofautiani na mengine ila kwa neno moja dogo kwenye karatasi yake. Alifungua hilo, kisha akatia hopsi zote za mapishi. Rafiki yetu daktari, aliyekulia Muheza enzi za klorokwini, alionja akauliza dozi ni kutwa mara ngapi.

Hata chupa hazikusalimika. Bia ikishatulia, hutiwa sukari kidogo kabla ya kufungiwa, ili itengeneze gesi yake yenyewe. Wengine hutumia unga wa kimea, kama gramu 180 kwa lita 19. Baba Neema akaweka sukari ya chai gramu 180. Sasa, kimea huliwa na hamira kwa sehemu, sukari ya chai huliwa yote. Chupa zikaanza kupasuka usiku wa manane, moja baada ya nyingine, kwa vituo. Mzee wa Norwei akapiga simu kuuliza, kwa upole wake, kama tungependa yeye awaite polisi au kama tayari tunao. Mume wangu aliteremka na tochi na daftari. Nilidhani daftari ni la kuandika kilichotokea ili kisijirudie. Lilikuwa la kuandika hasara.

Lakini lililonikalisha chini ni la kakao.

Theluji ilikuwa imefunga barabara, maduka yamefungwa, na mapishi yamepungukiwa na nusu kilo ya unga. Baba Neema akafungua kabati la jikoni akawa anageuza kila kopo kusoma viambato, kazi ambayo hajawahi kuifanya kwa ajili ya presha yake. Akafika kwenye kopo la kinywaji cha chokoleti cha Neema, jina lake sitalitaja, na humo, juu kabisa ya orodha, akaona maneno aliyokuwa akiyatafuta: kimea cha shayiri. Alikuja kunionyesha akikimbia. Kidole chake kilikuwa chini ya mstari.

Historia ilimpa nguvu. Vinywaji hivi vya watoto ni wajukuu wa kimea kweli. Ovaltine ilianza Bern, Uswisi, mwaka 1904, katika nyumba ya Wander, ambao kabla ya hapo waliuza rojo la kimea kwa ajili ya kuwajenga watu wenye afya dhaifu. Ndugu wawili Waingereza, James na William Horlick, walitengeneza unga wao wa kimea na maziwa huko Racine, Wisconsin, jimbo tunalopakana nalo. Milo, ambayo bwenini tulikuwa tunairamba kavu kwa kifuniko cha kalamu, ilibuniwa Australia na Thomas Mayne mwaka 1934. Wote hao walilenga kumjenga mnywaji. Hakuna hata mmoja aliyelenga povu.

Maana pamoja na kimea, kopo lile lilikuwa na maziwa ya unga, na sukari ya maziwa haiguswi na hamira ya bia, inabaki ilivyokuwa. Lilikuwa na mafuta ya maziwa na ya kakao, na mafuta ndiyo adui mkubwa wa povu. Lilikuwa na vitamini na madini ya chuma, ambavyo sina malalamiko navyo, nadhani hamira zilipata damu. Kilichotoka kilikuwa na rangi isiyo na jina, kitamu, kimelala, na chini yake tope la vidole viwili. Neema alipita, akanusa, akauliza kwa nini chokoleti yake inanuka kanisa. Hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona Baba Neema akimwaga kitu kwenye sinki. Alimwaga taratibu, akigeukageuka, akiacha nafasi ya mtu yeyote mwenye huruma kumzuia.

Hadi hapo alikuwa anabadilisha vya watu, nami nilinyamaza. Kisha akagusa togwa.

Ilikuwa kipaimara cha Neema. Nilipika ndoo nzima ya uji wa mahindi, mzito wa kusimamisha mwiko, nikauacha upoe. Kwenye friza nilikuwa na kimea cha ulezi, mfuko mdogo alioutuma mama kwa msafiri. Nilikuwa na zamu ya usiku hospitali, nikamwachia Baba Neema maagizo: uji ukiwa vuguvugu, mimina kimea, koroga, funika, kalale. Yeye akaufungua mfuko wa mama, akauona ulivyo mdogo, akaufikiria umbali uliosafiri, akaona ni vibaya kuumaliza kwa siku moja. Akaurudisha kwenye friza kwa heshima zote. Akachukua mfuko wake wa unga wa dukani.

Ndugu msomaji, kimea hakitiwi kwenye togwa kwa ajili ya utamu. Mbegu ikiota hutengeneza vimeng'enya, na kazi ya vimeng'enya ni kuukata wanga kuwa sukari ili chipukizi lile. Ukikausha kimea juani, vinalala. Ukivitia kwenye uji vuguvugu vinaamka na kuendelea na kazi pale vilipoachia, bila kujua kwamba hakuna tena chipukizi. Uji uliosimamisha mwiko unalegea mbele ya macho yako, unakuwa wa kunyweka, na utamu unakuja wenyewe kwa nyuma. Mama yangu hajui neno vimeng'enya, lakini akisikia uji umekataa kulegea atakuambia kimea chako kilianikwa karibu mno na moto. Ni jambo lilelile. Unga wa dukani umekwisha kupitia hayo yote: kazi ilifanyika kiwandani, kisha moto ukaviua vimeng'enya. Ipo aina ya waoka mikate ambayo huachiwa vimeng'enya vyake hai, lakini mfuko wa Baba Neema haukuwa huo. Wake ulikuwa sukari yenye historia.

Nilipofika asubuhi nilimkuta amekaa kando ya ndoo, macho mekundu, mwiko mmoja umevunjika. Uji ulikuwa umesimama vilevile, umefanya ngozi juu.

"Umekataa," akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyejaribu kusuluhisha.

Alikuwa ameongeza kimea chake mara ya pili. Ukazidi kuwa mtamu. Akaongeza maji ya moto. Mabonge yakatengana, kila bonge likabaki na msimamo wake. Wageni walikuwa wanafika, na miongoni mwao mama mmoja wa Songea, mtu mzima, ambaye jamii yote hapa humwita Bibi, na ambaye watu wa kwao wakisema togwa wanajua wanachosema. Tukampakulia kwenye kikombe. Akakiinamisha, akaona hakuna kinachokuja. Akakiinamisha zaidi. Akaomba kijiko. Alikula hadi mwisho, kwa sababu ya malezi, akafuta mdomo, akamgeukia Baba Neema:

"Mwanangu, uji mzuri sana huu. Ahsante. Togwa italetwa saa ngapi?"

Mtu mwingine angeacha. Yeye Desemba akaamua kupika mbege. Nia yake ilikuwa njema: Desemba ndio mwezi Wachaga wote wanapanda mlimani kula Krismasi nyumbani, na mimi nilikuwa dirishani natazama theluji, simu mkononi, naangalia picha za mbuzi wa wengine. Mbege ina mambo matatu. Ndizi mbivu zinazochemshwa na kuachwa zichache; kimea cha ulezi kinachopikwa uji na kuchanganywa na maji ya ndizi; na gome la msesewa la kuleta uchungu. Baba Neema alikuwa na ndizi. Tukampigia mama simu ya video, ili abariki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unapika."

"Ndiyo, mama. Mbege."

"Ulezi mnapata huko?"

"Hapana, mama, nimeweka rojo la shayiri badala yake. Kimea ni kimea."

"Na msesewa?"

"Kuna maua fulani ya huku, mama, yanaitwa hopsi. Uchungu ni uleule."

"Na ndizi?"

"Ndizi zipo, mama!" Akazinyanyua mbele ya kamera kwa ushindi: za njano, zimenyooka, za kula mbichi, kila moja na kibandiko chake cha bluu.

Mama akazitazama. Nyuma yake nilisikia jogoo na redio. Mkwe haambiwi ovyo, na mama yangu ni mwanamke wa adabu. Akauliza kama Neema anafanya vizuri shuleni.

Baadaye alinipigia mimi peke yangu. "Mwanangu, huyo mwanamume ni mwema kwako?"

"Ni mwema, mama."

"Anakusaidia kazi?"

"Ananisaidia."

"Basi mwache apike. Ila wewe usinywe."

Kilichonikera ni kwamba ulezi ulikuwepo muda wote. Uko kwenye maduka ya Wahindi, mifuko kwa mifuko, nafaka nzima, wanauita ragi, na watu wa Karnataka wanausongea ugali kila siku ya Mungu. Nilinunua, nikaulowesha, nikautandaza kwenye gunia karibu na tanuri la kupasha nyumba joto, nikaunyunyizia maji hadi ukaota vindevu, nikaukausha kwa feni, nikausaga. Nikapika uji mdogo, nikatia kijiko. Ukalegea. Baba Neema alikuwa nyuma yangu, ametazama yote kimya. Kisha akanyanyua bakuli la kimea changu, akalipima kwa mkono, akauliza kilo ya hiki inalingana na kilo ngapi za rojo. Nikamwambia shayiri nzima iliyooteshwa, kilo moja hutoa kama gramu 750 za rojo au 600 za unga, na kwamba huu si shayiri, na kwamba akiugusa nampigia mama.

Haki yake nimpe: mbadala mmoja umefaulu. Mjumbe mmoja wa chama tumbo lake halipokei gluteni, na shayiri na ngano vyote vinayo, kwa hiyo alikuwa anakuja vikaoni anakunywa maji na kutuangalia. Kuna rojo linalotengenezwa kwa mtama kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Baba Neema akatoa rojo la shayiri lote, akatia la mtama kwa uzito uleule, na safari hii uzito uleule ulikuwa sahihi, kwa kuwa vyote ni rojo. Ikatoka nyepesi, na uchachu kidogo kwa mbali. Wazee waliokuwepo walionja, wakatazamana, wakaleta vikombe vyao tena bila kuzungumza. Mmoja wa Dodoma akamwambia, "Mweka hazina, sasa umepika."

Bia hiyo ya mtama ndiyo iliyoko ndani ya ndoo kwa sasa, na ndiyo itakayotolewa kwenye kikao cha kurekebisha katiba, kitakachofanyika hapahapa sebuleni kwetu theluthi mbili ikipatikana. Ila safari hii mapishi yalitaka rojo, duka lilikuwa na unga, na sikuwepo alipokuwa anapima. Kwa hiyo nawaomba wajumbe wote waisome rasimu wakiwa bado makwao, waweke alama kwenye ibara ya shangazi, na atakayekuja na gari aje na mtu wa kuliendesha.